Nani Alishika Miti ya Shiraa?



Leo naomba tuache kidogo habari za rangi za msimu na bei ya leisi. Nina neno na nyinyi mabi harusi, na mama zenu, na sisi mafundi tunaopata riziki kwenye harusi zenu. Neno lenyewe ni "asili", na miaka hii ya karibuni limenipa kazi nyingi kuliko neno lingine lolote. "Dada, nataka kitu cha asili." "Nifanyie kupamba ya asili." Nami nashona. Leso za kisutu nimezigeuza mapazia, vikapu vya ukindu nimevifunga utepe wa dhahabu, asumini nimezitunga mpaka kwenye viti. Sikuwahi kumuuliza bi harusi hata mmoja: asili ya nani?

Rai yangu naisema mapema ili mwenye haraka aende zake. Bi harusi anayetaka mambo ya asili aanzie makumbusho, kisha aje kwa fundi. Na fundi naye aende. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshachelewa, arubuni nimeshaipokea na kitambaa nimeshakinunua.

Mteja mwenyewe ni msichana wa hapa Lamu, kwao wanaishi Mombasa sasa, lakini harusi walitaka ifanyiwe nyumbani. Alinijia na mamake. Usiku wa kupamba alitaka aingie ukumbini ndani ya shiraa, kama mabibi wa zamani. Wasichana wanne wa mtaani wavalishwe nguo za rangi moja, washike miti ya pembeni, yeye atembee katikati amefunikwa, kisha afunguliwe mbele ya wageni. Wasichana hao watapewa chochote mkononi. Masha Allah, nikasema, wazo zuri, hakuna aliyelifanya. Nikakata hesabu, mita 14 za satini, bitana, shada za pembeni na miti minne ya kupakwa rangi. Wakanipa arubuni ya shilingi 8,000 nikatia mkobani.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza: shiraa yenyewe inakuwaje? Nimezaliwa hapa, nimesikia jina lake tangu mdogo, lakini macho yangu hayajawahi kuiona. Marehemu nyanyangu alikuwa akiitaja na hatii maelezo. Basi nikasema kesho naenda makumbusho, nichukue vipimo.

Nikiri aibu yangu hapa. Jumba lile liko pwani kabisa, mbele ya bahari, na mimi napita mlangoni pake kila nikienda kupokea mzigo gatini. Mara ya mwisho kuingia ndani nilikuwa shule ya msingi, tumepangwa mstari na mwalimu, na ninachokumbuka ni kuambiwa usiguse. Tangu hapo ilikaa akilini mwangu kwamba pale ni mahali pa wageni wenye kamera. Sisi wenyeji tunajua kila kitu, tutajifunza nini? Ndivyo tunavyojidanganya. Tunajua majina, basi.

Nilikwenda asubuhi, mashine nimeiachia msichana wangu wa kazi. Hamkuwa na watu wengi. Zile siwa mbili ndizo zinazokusimamisha kwanza, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, na ukiziona kwa ukubwa wa macho ya mtu mzima unapata kufahamu kwa nini zilipulizwa kwa wakubwa na harusi za waungwana tu. Nikapita vyombo vya bahari haraka haraka, mnisamehe, mume wangu ndiye wa mambo hayo. Nikakaa sana kwenye mapambo ya wanawake na vitu vya harusi. Kazi ya mikono ile! Mimi nikikosea mshono nafumua kwa sekunde, fundi wa fedha wa zamani akikosea alikuwa hana pa kufumua.

Kisha nikaiona shiraa, kwenye picha ya zamani. Nilichofanya kwanza ni kile kile ambacho fundi yeyote angekifanya, nilianza kuhesabu. Mapana mangapi yameunganishwa, upindo uko wapi, kitambaa kinashuka mpaka wapi. Ni kama hema linalotembea. Juu kumetandazwa, pembeni kumeshuka, na mwanamke yuko ndani haonekani. Nilikuwa nimeshatoa daftari, nachora. Nikafika kwenye miti. Sasa mti una urefu gani? Ili ujue urefu wa mti lazima umtazame anayeushika. Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama.

Kijana anayehudumu pale, mwenye adabu zake, aliniona nimeganda akanisogelea. Nikamuuliza, "Hawa wanaoshika ni kina nani? Ni jamaa zake?" Akasema, "La, dada. Bibi mkubwa alikuwa hatoki nje mchana. Akitoka anatoka na shiraa, na miti inashikwa na watumwa wake." Akalisema kama anavyolisema kila siku kwa watu wanaopita.

Dada zangu, nyanyangu alikuwa na msemo. Akitumwa kazi ya kuonewa, akiona mtu anamnyanyua mwenzake na kumdunisha mwingine, alikuwa akisema: "Mimi sishiki mti wa mtu." Tulikuwa tukicheka. Tulidhani ni vichekesho vyake tu, maana hakuna aliyejua ni mti gani. Mamangu naye akilitumia, mimi nikilitumia, hata kwa mteja anayenipunja nimewahi kulisema. Nimesema sishiki mti wa mtu miaka yote hii, na siku hiyo nimesimama mbele ya mti wenyewe, na daftari mkononi nachukua vipimo.

Nilitoka nikakaa barazani kwa muda. Sikulia, lakini sikuweza kuinuka.

Nyanyangu hakutuambia kwamba mamake alishika miti. Hakutuambia pia kwamba hakushika. Lakini nilipokuwa na miaka 22 palikuja posa kwetu, watu wa heshima, mahari yakaanza kuzungumzwa, kisha wakaomba muda "wakaulize mizizi". Baada ya wiki mbili ikaletwa salamu kwamba nyota hazikukubaliana. Mimi nilidhani ni nyota kweli. Alhamdulillah nimeolewa na mtu mwema na nina watoto watatu, sina kinyongo na mtu, ila sasa najua walikwenda kuuliza nini.

Nikarudi kwa yule kijana, na tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kila mzee na kusoma ninachokipata, kwa sababu haya ni mambo ya nguo, na nguo ndiyo elimu yangu. Niwaeleze nilichokusanya.

Katika miji ya pwani, tangu Unguja mpaka huku kwetu, nguo ilikuwa ni daraja. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba nzito iliyokuwa ikiletwa kwa meli kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa na mabega kama bibi yake. Soma tena hapo. Ukikutana na shiraa njiani, ndani yake yuko mwanamke mmoja amestirika mpaka kivuli chake hakionekani, na nje wako wanawake wenzake wanaobeba stara hiyo kwa mikono yao, juani, wao wenyewe vichwa viko wazi.

Unguja utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897, huku kwetu mwambao wa Kenya mwaka 1907. Na wanawake walipoachiwa walikimbilia nini? Nguo. Leso ilikuwa imeshaingia katika miaka ile ya mwisho ya karne ya 19. Inasimuliwa kuwa mwanzo zilikuwa vitambaa vya mkono vilivyochapwa, vinaletwa katika jora, wanawake wakakata sita wakaunganisha safu mbili za tatu tatu. Yaani ni mwanamke aliyeketi na sindano ndiye aliyeianzisha! Aliyekuwa akivaa kaniki sasa akavaa maua na rangi, akajifunika kichwa kama mtu yeyote. Kila nikikata leso siku hizi nakumbuka kuwa palikuwa na mtu ambaye kwake kipande hiki kilikuwa karatasi ya uhuru.

Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 likaja buibui. Nasema lile la mwanzo, la kamba, siyo haya ya leo tunayofunguliwa mbele kwa vifungo. Lile nyanyangu alikuwa nalo moja, nguo kubwa nyeusi, unaifunga kamba kichwani na nyingine unaishika chini ya kidevu. Mwungwana akalivaa, na aliyekuwa mjakazi jana akalivaa, wakipita kichochoroni hujui nani ni nani. Watu husema buibui lilikuja kutuficha. Mimi kama fundi naliona vingine. Buibui halihitaji wa kulishika. Mwanamke anastirika kwa nguo aliyoibeba kichwani mwake mwenyewe, hakumsimamisha mtu juani kwa ajili yake. Ukiniuliza nguo gani ya pwani ina asili ya kujivunia, nitakuambia hiyo.

Juma lililofuata nilikwenda na ile nyumba ya makumbusho iliyoko ndani ya mji, nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa ikaachwa kama zilivyokuwa za waungwana. Bi harusi yeyote wa Lamu anayeweza kuipata nafasi hiyo na asiende amejinyima. Utaona vyumba vyembamba vilivyofuatana, vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazina urefu zaidi ya hapo. Utaona zidaka ukutani, na vyombo vya kichina vilivyokuwa vikipangwa humo. Na kule mwisho kabisa ndani, mahali pa faragha ya wanawake, utafahamu kwa nini bi harusi alikuwa akiambiwa yuko ndani. Mimi nilisimama pale nikapenda kila kitu, sisemi uongo. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaharibika. Katika zile nyumba za ghorofa, wenyewe walikaa juu na chini palikuwa pa mizigo na watumwa. Nikawa natazama ngazi nafikiria nani alipandisha maji.

Sasa nirudi kwa mteja wangu, maana nilikuwa na kitambaa cha watu.

Niliwapigia simu nikawaomba waje. Nikawaeleza. Bi harusi alinyamaza. Mamake akasema, "Mwanangu, hayo ya kale yameshapita. Nani leo anajua? Watu wataona kitambaa kizuri tu." Nikamwambia, "Mama, mimi najua." Akasema neno ambalo lilinifanya nifikiri usiku mzima, na ni haki nililete hapa kama alivyolisema. "Ukitaka kutupa kila kilichoguswa na mtumwa, basi tuubomoe mji. Nyumba hizi alizijenga nani? Mashamba ya minazi alilima nani? Utashona nini ubaki salama?"

Kweli. Nami sikusema tutupe. Makumbusho ile haikutupa. Imekiweka kitu pale kama kilivyo, na mtu wa kukuambia kilikuwa nini. Sisi wa maharusi tunakitwaa kitu kile kile, tunakifuta jina lake, tunakinyunyizia manukato, na mahali pa mtumwa tunaweka binti wa jirani asiye na uwezo na kumpa shilingi mia tano. Hapo mimi nakataa. Kitambaa hakina dhambi. Ile mikono ndiyo niliyokuwa nikiulizia.

Na tusijifiche nyuma ya dini. Masheikh wana maelezo yao kuhusu hukumu za wakati ule, mimi si mwenye elimu hiyo na siingii. Lakini hata tuliosoma madrasa ya kawaida tunajua Bilal alikuwa nani na Mtume (s.a.w.) alimpandisha juu ya nini siku ya kufunguliwa Makka. Tunajua alichotuusia katika Hija ya kuaga kuhusu Mwarabu na asiye Mwarabu, mweupe na mweusi. Tunajua ni mara ngapi kumwacha mtu huru kumewekwa kuwa kafara ya kosa. Haya tunayasoma, tunayalilia kwenye mawaidha, kisha inakuja posa nyumbani na swali la kwanza siyo anaswali, siyo ana kazi, ni "wale ni watu wa wapi hasa?" Na sauti inashushwa kwenye "hasa". Nawaambia wasichana: mkilisikia neno hilo linashushwa sauti, mjue miti ya shiraa ingalipo.

Nilimwambia yule mama kwamba arubuni yake iko, kama anataka kupeleka kazi kwa fundi mwingine namrudishia shilingi zote 8,000 na kitambaa kitabaki kwangu kiwe hasara yangu. Au nitaishona, kwa sharti kwamba miti isishikwe na mtu wa kulipwa. Ishikwe na watu wake mwenyewe. Alinitazama kama niliyeomba figo. "Mimi nishike mti? Mbele ya watu?"

Nikamjibu, "Mama, ndiyo vile."

Waliondoka wamenuna. Siku nne kimya. Nami, niwaambie ukweli, nilianza kupiga hesabu ya zile mita 14 na kujilaumu, maana ada ya madrasa ya watoto ilikuwa inaningoja na adabu ya historia hailipi ada. Siku ya tano bi harusi akaja peke yake. Alikuwa ametoka makumbusho. Amekwenda mwenyewe, kaitazama ile picha, kamuuliza yule kijana maswali yake. Kumbe alikwenda na mtu: mama mkwe wake. Akaniambia wakiwa pale pale mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, mimi nitashika wa mbele."

Nyinyi mnaijua pwani. Mama mkwe akishasema atashika mti, mama mzazi atabaki amekaa kitini? Jioni ile ile nilipigiwa simu, sauti kavu: "Mwanangu, huo mti ni mzito?"

Ninachowaomba basi si kikubwa. Nenda na mamako, au na somo wako, kabla hujachagua chochote. Vaa viatu vya chini, kwenye ile nyumba ya mjini kuna ngazi. Usiende na simu tu ukapiga picha ukaondoka, uliza. Kwa kila kitu kizuri utakachoonyeshwa, uliza kilishonwa na nani, kilibebwa na nani, nani hakuruhusiwa kukivaa. Wanaohudumu pale wanajua mengi kuliko yaliyoandikwa ukutani, na hufurahi wakiulizwa na mwenyeji. Ukiwa Unguja au Pemba au Mombasa, na kwenu kuna makumbusho yenu, maswali ni hayo hayo. Kisha njoo tukae na daftari, tuchague pamoja cha kubeba na cha kuacha kwenye kioo. Vya kubeba viko vingi mno: hina, asumini, kisutu, vugo, udi. Harusi haitakuwa kavu, wallahi.

Usiku wa kupamba simu zilizuiwa mlangoni, kwa hiyo picha sina na hata ningekuwa nayo nisingeiweka. Mama mkwe alishika mbele kulia, mama mzazi mbele kushoto, halati wawili nyuma. Wote wamejitanda vizuri, wamevaa dhahabu zao, wanatembea kwa mashaka kama wanaopita kwenye boriti. Tatizo ni kwamba mama mkwe ni mrefu kama mlingoti na mama mzazi ni wa kimo changu, na miti nilikuwa nimeikata yote sawa. Shiraa ikaenda ukumbi mzima imelalia kushoto, na bi harusi ndani yake tukimsikia anacheka. Safari nyingine, inshallah, nitawapima washikaji kwanza.